Kiti cha Pili

Katika chumba kimoja nilichofanyia kazi kulikuwa na godoro. Lilikuwa jembamba, la sponji, limekunjwa nyuma ya kabati la majalada, na kila aliyewahi kupangiwa zamu ya usiku pale alijua lilipo. Halikuandikwa kwenye daftari lolote la vifaa. Ikifika saa sita usiku, ndege za jioni zimeshatua na za kutoka Ulaya na Ghuba bado ziko mbali, mmoja wetu alilitandaza akalala, mwingine akabaki mezani na hedseti kichwani. Saa tisa tulipokezana. Ratiba iliyobandikwa ukutani ilikuwa na majina mawili. Mezani alikuwepo mtu mmoja.

Nimeongoza ndege kwa miaka mingi katika vituo vitatu vya ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Sasa nimestaafu, na muda niliokuwa nautumia kulala mchana nautumia kusoma habari za vyama vya waongoza ndege, vya kwetu na vya mbali. Nasoma kuhusu mishahara, migomo, mikataba na kesi. Kila nikizifuatilia hadi chini kabisa, nakutana na kile kiti cha pili kilichobaki kitupu usiku ule. Nimeona nikiandike.

Kwanza niseme kazi yenyewe ni ipi, maana hata ndugu zangu walichelewa kuielewa. Wengi wakisikia mwongoza ndege wanamfikiria yule kijana mwenye vibao anayeionyesha ndege pa kuegesha. Yule ni mwenzetu wa uwanjani, ila kazi yake ni nyingine. Sisi tuko mnarani, au katika chumba kisicho na dirisha, na kazi yetu ni kuhakikisha ndege hazikaribiani kupita kiasi. Huko juu nafasi ni futi 1,000 kati ya aliye juu na aliye chini. Kwa pembeni, pale penye rada, ni maili 5 za baharini. Pasipo na rada tunahesabu kwa dakika, mara nyingi 10 kati ya ndege zinazofuatana kwenye kimo kimoja, na mahali ndege ilipo unapajua kwa sababu rubani amekwambia. Picha nzima ya anga unaibeba kichwani. Ukisinzia sekunde chache, picha inaondoka, na kuirudisha huchukua muda kuliko ulivyodhani.

Julai 1, 2002 ndiyo tarehe iliyonifanya nisiwe na amani tena na lile godoro. Usiku huo, juu ya mji wa Überlingen kusini mwa Ujerumani, ndege ya abiria aina ya Tupolev iliyotoka Moscow kwenda Barcelona iligongana na Boeing 757 ya mizigo ya DHL. Walikufa watu 71. Wengi wao walikuwa watoto wa shule kutoka Ufa, waliokuwa wanapelekwa likizo Uhispania. Anga ile, ingawa iko Ujerumani, ilikuwa inaongozwa kutoka Zürich, Uswisi, na kampuni ya Skyguide.

Ripoti ya uchunguzi ilipotoka mwaka 2004 niliisoma usiku, peke yangu, nikiwa zamu. Nilipofika kwenye maelezo ya chumba cha Zürich nilisimama, nikaenda kunawa uso. Waongoza ndege walikuwa wawili kwenye ratiba. Mmoja alikuwa amekwenda kupumzika, kwa desturi ambayo wakubwa waliijua kwa miaka na kuivumilia. Aliyebaki alikuwa anahudumia meza mbili, akisogea huku na huko. Usiku huohuo mafundi walikuwa wanatengeneza mitambo: rada ilikuwa inafanya kazi kwa kiwango cha chini, taa ya tahadhari ya mgongano haikuwepo, na laini kuu za simu zilikuwa zimekatwa. Kulikuwa na Airbus iliyochelewa ikielekea Friedrichshafen, naye akawa anahangaika na simu isiyopita ili aikabidhi. Wenzake wa Karlsruhe, Ujerumani, waliuona mgongano unakuja kwenye mitambo yao wakajaribu kumpigia. Hawakumpata. Alipozitambua zile ndege mbili, zote kwenye futi 36,000, zilikuwa zimebaki sekunde zisizofika hamsini. Akaiamuru Tupolev ishuke. Chombo cha tahadhari ndani ya Tupolev kikamwambia rubani apande, na kile cha Boeing kikamwambia wa Boeing ashuke. Zote mbili zikashuka.

Februari 2004 mwongoza ndege yule aliuawa kwa kisu nje ya nyumba yake na baba aliyepoteza mke na watoto wawili katika ajali ile. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwatia hatiani wakuu wanne wa Skyguide: watatu walipewa vifungo vya nje, mmoja faini. Nimewafikiria wote hao mara nyingi. Baba yule simhukumu, wala simtetei. Lakini kwa yule mwenzetu nilijiona mimi. Desturi yake ilikuwa yangu. Godoro lake lilikuwa na mlango na jina la chumba cha mapumziko, langu lilikuwa nyuma ya kabati.

Kabla ya Überlingen kulikuwa na Zagreb. Septemba 10, 1976, ndege mbili ziligongana angani juu ya Yugoslavia ya wakati huo na watu 176 wakafa. Hapo pia kijana mmoja alijikuta peke yake kwenye anga ya juu kwa sababu mwenzake alichelewa kufika zamu. Walishtakiwa waongoza ndege kadhaa, akahukumiwa yeye peke yake: miaka 7. Waongoza ndege wa nchi nyingine, watu ambao hawajawahi kumwona, waliandika na kumtetea hadi akaachiwa kabla ya kumaliza kifungo. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alitusimulia habari hiyo siku yetu ya kwanza mezani, kabla hajatugusisha maikrofoni. Alisema tujue mapema kwamba siku ya mabaya watakaokuja ni wale wanaojua kiti kile kilivyo. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa chama ni nini, kabla sijalipa ada ya mwanachama hata mwezi mmoja.

Watu hudhani chama cha waongoza ndege kipo kwa ajili ya kudai nyongeza. Kudai kunakuwepo, sikatai, nasi tuna watoto wa kusomesha. Ila nikikumbuka vikao nilivyokaa, ajenda iliyokula saa nyingi ilikuwa ratiba ya zamu. Nani anatoka usiku na kurudi mchana wake. Nani amefanya siku ya sita mfululizo. Nani anafundisha mwanagenzi huku anaongoza ndege zake mwenyewe, kwa sababu hakuna wa kumpokea. Ajenda ya pili ilikuwa afya.

Kuhusu afya lazima nieleze, maana nje ya kazi yetu haifahamiki. Leseni yetu inaambatana na cheti cha afya cha daraja la tatu kwa kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na cheti hicho hupimwa upya kila baada ya muda. Presha ikipanda isiposhuka, kisukari kikikuzidi, ukikutwa na kifafa, unaondolewa mezani. Mwalimu akiugua bado ni mwalimu. Kwetu leseni ikisimama, ujuzi wa miaka ishirini unabaki bila mahali pa kuutumia, na posho zilizokuwa zinabeba nusu ya maisha zinaondoka siku hiyohiyo. Matokeo yake watu wanaficha. Nimeketi jirani na mtu aliyefiwa na mtoto akarudi kazini baada ya siku nne, akiogopa kumwambia daktari kwamba halali. Nilijua. Nilikaa kimya kwa kumhurumia, na bado sijui kama nilimtendea wema au nilimtendea ubaya yeye na waliokuwa angani. Chama chetu kilipigania kwa miaka kitu kimoja tu hapo: bima ya kupoteza leseni, ili mtu aweze kusema "siwezi leo" bila kuona njaa mbele yake. Katika kituo kile jibu lilikuwa kwamba suala linashughulikiwa, na nilistaafu likiwa bado linashughulikiwa.

Kwa nini tusigome? Kijana mmoja aliniuliza hivyo kwenye msiba, aliposikia nikilalamika. Jibu liko kwenye sheria. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 77, inaiweka kazi ya kuongoza ndege katika huduma muhimu ambazo mgomo wake umezuiwa, pamoja na maji, umeme, afya na zimamoto. Kenya nayo, katika sheria yake ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007, imetuweka kwenye orodha ileile na watu wa hospitali na vivuko. Hata Shirika la Kazi Duniani, ambalo hutetea haki ya kugoma karibu kila mahali, linakubali kwamba sisi tunaweza kuzuiwa.

Nami nakubali. Nalisema waziwazi, ingawa wenzangu wengine hawapendi kulisikia. Rubani aliye juu ya Ziwa Viktoria na mvua ya radi mbele yake hawezi kuambiwa asubiri mazungumzo yaishe. Lakini Shirika lilelile la Kazi linasema anayenyimwa mgomo apewe badala yake usuluhishi wa haraka, usioegemea upande, na uamuzi ukitolewa utekelezwe. Neno la haraka ndilo lililopotea njiani. Nimeona dai la saa za mapumziko likizunguka kutoka kamati hadi kamati hadi waliolianzisha wakahamishwa vituo. Mtu aliyefungwa mdomo kwa sheria anahitaji sikio lililofunguliwa kwa sheria hiyohiyo, na kwetu nusu ya pili haikuja.

Wamarekani walilipitia jambo hili kwa ukali kuliko wote, na hadi leo wanalilipia. Chama chao kiliitwa PATCO, kilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 1980 kilimuunga mkono Ronald Reagan katika uchaguzi. Oktoba 20, 1980 Reagan alimwandikia kiongozi wa chama hicho, Robert Poli, akikiri kwamba waongoza ndege ni wachache mno, wanafanya kazi saa zisizo za kawaida kwa vifaa vilivyopitwa na wakati, na kwamba hali hiyo inawahatarisha wasafiri. Akaahidi kushirikiana nao. (Oktoba 20 ndiyo siku tunayoadhimisha duniani kama siku ya waongoza ndege, kwa kuwa shirikisho letu la kimataifa, IFATCA, lilianzishwa siku hiyo mwaka 1961 mjini Amsterdam. Barua ile iliandikwa siku ya sherehe yetu.)

Miezi tisa na nusu baadaye, Agosti 3, 1981, karibu waongoza ndege 13,000 waligoma. Walidai wiki ya kazi ya saa 32, nyongeza ya dola 10,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, na pensheni bora. Sheria ya nchi yao ilikataza watumishi wa serikali kuu kugoma. Reagan akawapa saa 48 warudi. Zilipokwisha aliwafukuza 11,345, akawafungia mlango wa kuajiriwa tena. Kiongozi mmoja wa tawi alipigwa picha amefungwa minyororo. Oktoba mwaka huo chama kikafutiwa utambuzi. Marufuku ya kuwaajiri iliondolewa na Bill Clinton mwaka 1993, wengi wakiwa wameshazeeka katika kazi nyingine.

Nadhani PATCO walikosea kupima. Dai la fedha lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwananchi wa kawaida hakulisikia lile la saa 32, ambalo ndilo lilikuwa la usalama wake yeye. Lakini kosa lile liliadhibiwa kwa namna iliyoadhibu viti vyenyewe. Mwongoza ndege hapatikani sokoni. Anachukua miaka kadhaa tangu darasani hadi aachwe mezani peke yake, na wengine wengi hawafiki. Waliofukuzwa walizibwa na kundi moja lililoajiriwa kwa pamoja, likazeeka kwa pamoja, likastaafu kwa pamoja miaka ishirini na kitu baadaye, maana kule mwisho wa kazi ni miaka 56. Na wale wale waliowekwa kuziba nafasi, mwaka 1987, walianzisha chama kipya, NATCA. Walikuwa na malalamiko gani? Uchache wa watu, saa nyingi, vifaa vya zamani. Barua ya Reagan ingeweza kuandikwa upya bila kubadilishwa neno.

Agosti 27, 2006, kule Lexington, Kentucky, ndege ya Comair ilianza kuruka alfajiri kwenye njia isiyo yake, fupi mno, na watu 49 wakafa. Kosa lilihesabiwa kwa marubani. Mnarani alikuwepo mtu mmoja, na kati ya zamu yake iliyotangulia na ile alikuwa amelala takriban saa mbili. Machi 2011, mnarani Washington, mwongoza ndege wa usiku alisinzia akiwa peke yake na ndege mbili zikatua bila kuitikiwa. Mwaka 2024 mamlaka yao, FAA, ikaamua mapumziko kati ya zamu yasipungue saa 10, na saa 12 kabla ya zamu ya usiku wa manane. Miaka 43 baada ya mgomo.

Januari 29, 2025, uwanja uleule wa Washington, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria ikikaribia kutua. Watu 67 walikufa mtoni. Uchunguzi uligusa mambo mengi, yakiwemo njia zenyewe za helikopta na vipimo vya kimo, na sitaki kulipunguza kuwa jambo moja. Lakini nilipoambiwa kwamba nafasi ya helikopta na nafasi ya mnara zilikuwa zimeunganishwa mikononi mwa mtu mmoja, nililizima redio. Aprili 28 mwaka huo, waliokuwa wanaongoza ndege za Newark kutoka Philadelphia walipoteza rada kwa takriban sekunde 90, na redio pia. Baadhi yao walichukua likizo ya mshtuko. Nimesoma watu wakiwaita walegevu. Sekunde 90 bila picha, ndege zikiwa zinasogea na marubani wanakuita hawakusikii, ni muda ambao mtu hatoki akiwa yuleyule. Mimi ziliwahi kunipata sekunde zisizofika hata 20, umeme ulipokatika na jenereta ikasita. Mikono yangu ilitetemeka hadi nilipofika nyumbani.

Kisha serikali yao ikafungwa kwa kukosa bajeti, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, siku 43. Waongoza ndege walitakiwa waje kazini bila mshahara. NATCA iliwasisitizia wanachama wasifanye chochote kinachofanana na mgomo. Kumbukumbu ya 1981 bado inauma. Wengine walitoka zamu wakaenda kuendesha Uber ili wajaze gari mafuta ya kurudia zamu. Novemba 7 FAA yenyewe ikaanza kupunguza safari katika viwanja 40, kwa sababu watu hawakutosha. Hapo niliwaza: walionyimwa haki ya kusimamisha ndege hawakuzisimamisha. Zilisimama zenyewe.

Huku kwetu, Septemba 11, 2024, wafanyakazi wa Jomo Kenyatta, Nairobi, chini ya chama chao cha KAWU, waliweka zana chini kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India. Abiria walikwama, jioni wakafikia makubaliano na serikali. Novemba 21 Rais William Ruto akaufuta mpango, baada ya mashtaka yaliyofunguliwa Marekani dhidi ya mwenye kampuni hiyo. Wale walikuwa na namna ya kusikika kwa siku moja. Mwongoza ndege wa mnara uleule, kwa sheria, hana.

Tanzania tunakumbuka sana rada. Ile iliyonunuliwa kwa BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, ikazua kashfa, kampuni ikalazimika kurudisha pauni milioni 29.5 na fedha zile zikapelekwa kwenye elimu. Neno "chenji ya rada" kila mtu mzima analijua. Tangu hapo zimenunuliwa rada nyingine, za kiraia, zikafungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na mimi nafurahi kwa dhati kabisa kuziona. Ninachoomba ni kwamba siku mtambo unapozinduliwa, utepe ukikatwa, mtu mmoja kati ya wageni aulize wangapi watauangalia usiku. Tangu Novemba 2020 kanuni za ICAO zinazitaka nchi ziwe na mipaka ya saa za kazi za waongoza ndege, au mfumo kamili wa kusimamia uchovu wao. Karatasi ipo. Kinachotakiwa ni mwenye kalamu ya ratiba kukubali kuandika kwamba leo watu hawatoshi, na mkubwa wake kukubali kupunguza ndege siku hiyo.

Wiki iliyopita nilikutana na kijana niliyemfundisha. Alikuwa anatoka zamu, tukakaa kwa mama ntilie kando ya barabara, chai ya rangi na chapati. Macho yake yalikuwa mekundu kama yalivyokuwa yangu. Aliniamkia, akaniuliza habari za wajukuu, nikamuuliza habari za chumba. Alisema wamepata viti vipya, vya kuzunguka, vya mgongo mzuri.

"Jana usiku mlikuwa wangapi, mwanangu?"

"Tulikuwa wawili, Mama. Ratiba sasa ni lazima wawili."

"Na saa nane ya usiku?"

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani.

"Saa nane, mmoja."